Kamba Thelathini na Nne Kutoka kwa Watu Tusiowajua

Keti hapa upande wangu, mbali kidogo na mlango, maana upepo wa Singida huingiza vumbi hadi kwenye kikombe cha chai. Umekuja na simu mkononi na swali lako ni moja: unamwandikiaje mtu usiyemjua, kule mtandaoni, mpaka akubali kukupa kazi? Nitakueleza, wala si jambo gumu. Ila nitapita njia ndefu kidogo, kwa sababu mimi nilifundishwa na mtu ambaye mpaka leo hana simu ya kugusa, na kila nikikumbuka alivyonifundisha nabaki kushangaa.

Mtu huyo ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Ni fundi cherehani. Chumba chetu cha kazi kiko hapa Unyambwa, kwenye nyumba yake, mlango ukitazama barabara ya vumbi na, ng'ambo ya barabara, kanisa dogo lenye bati jekundu. Sisi ni Waislamu, lakini kwa miaka mingi Shangazi ndiye aliyeshona majoho ya kwaya ya kanisa lile. Kila Jumapili asubuhi aliweka kiti mlangoni akawatazama waimbaji wakijipanga uani kabla ya kuingia. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anakagua kazi yake.

Halafu kazi ikaanza kupungua. Sare za shule zikawa zinakuja mjini zimeshonwa tayari, zimefungwa kwenye nailoni, na majoho yakafuata njia hiyo hiyo. Kwaya ya ng'ambo ya barabara nayo ikanunua ya tayari. Shangazi hakulalamika. Akabaki na kupunguza suruali, kubadilisha zipu na kuziba mifuko. Mimi nilikuwa na cherehani ndogo ya mkono pembeni yake. Yeye alikuwa na ile kubwa ya miguu, nyeusi, ambayo maua yake ya dhahabu yamefutika mahali anapoweka kiganja.

Mwaka ule, alizeti zikiwa zimechanua mpaka ukingoni mwa barabara, akaja mwanamume mmoja kutoka Ikungi. Kazi yake ilikuwa kushona maturubai na kuziba magunia ya wakulima, na alitafuta cherehani yenye nguvu. Akaizunguka ya Shangazi, akakanyaga pedali, akainamisha sikio.

"Shikamoo mama. Hii ndiyo unayoiuza?"

"Marahaba. Umeshaikanyaga ndiyo unakumbuka kunisalimu?"

Akacheka, akaondoa mguu. "Nisamehe mama. Nimesikia unataka kurudi Ilongero kulima."

Hivyo ndivyo nilivyojua. Mimi niliyekaa naye kutwa nzima, kila siku, nilikuwa sijaambiwa.

Wakaelewana hivi: mwanamume atarudi alizeti zikianza kuvunwa. Kama hadi siku hiyo hakuna kazi kubwa juu ya meza, cherehani itakwenda Ikungi, na Shangazi atakwenda Ilongero kwenye shamba la uwele aliloachiwa na babu. Mtu yule alipoondoka, Shangazi alishika pindo la kanga yake akapangusa vumbi la kiatu kwenye pedali, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso.

"Turubai litaiua kwa msimu mmoja," alisema. Kisha akaongeza kitu kwa Kinyaturu, na akishaingia kwenye Kinyaturu ujue mazungumzo yamekwisha.

Nikaamua kutafuta hiyo kazi kubwa mwenyewe. Nilijua kwaya nyingi zina kurasa zao mtandaoni, zinaweka picha na nyimbo. Nikatunga ujumbe mmoja, nikaunakili, nikaanza kuubandika kwenye inboksi ya ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ujumbe wenyewe huu hapa, sijaufuta, nauhifadhi kama mtu anavyohifadhi kovu:

"Bwana asifiwe! Nimetazama video yenu imenibariki sana. Sisi ni mafundi wa kisasa wa majoho ya kwaya, ubora wa hali ya juu, bei nafuu. Karibuni inboksi kwa maelezo zaidi!"

Niliutuma kwa kwaya arobaini ndani ya asubuhi moja. Mtandao ukanifungia nisiandike kwa siku mbili, ukiniona kama mhuni. Nilipofunguliwa nikakuta jibu moja tu. Nikalifungua upesi.

"Dada, video ipi? Sisi tuna picha tu. Halafu inboksi si ndiyo hapa tulipo?"

Nisingemwonyesha mtu, lakini Shangazi aliona nilivyokaa.

"Umepata msiba?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi nisomee."

Nikamsomea ujumbe wangu, kisha jibu. Alicheka mpaka akaweka sindano chini, na Shangazi haweki sindano chini ovyo. Kisha akaniuliza swali moja moja, kwa upole uliouma kuliko kicheko.

"Hiyo video uliitazama?"

"Hapana."

"Na hilo Bwana asifiwe, wewe binti wa madrasa, umelitoa wapi?"

"Nilidhani watapenda."

"Kwa hiyo umeingia kwenye nyumba arobaini kwa mbio, umevaa nguo ya kuazima, unamwambia mwenye nyumba nimekuona, na macho umefumba." Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hata mbuzi akiingia uani kwa mtu hutazama kwanza pa kupita."

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo nataka nawe ulisikie vizuri.

Alipokuwa msichana, kabla hajawa na chumba hiki, Shangazi alitembea kwa miguu vijiji vya Ilongero akiwa na cherehani ya mkono kichwani na furushi la vitambaa mgongoni, akitafuta wa kumshonea. Hakuna aliyemjua. Kabla ya kubisha hodi kwenye boma lolote, alisimama kwanza kando ya uzio wa minyaa, akatua mzigo, akatazama kamba ya nguo.

"Kamba ya nguo ndiyo inayokwambia nani anaishi pale," alisema. "Gauni limeshushwa pindo mara mbili, ujue kuna binti anarefuka. Shati limefifia mabegani tu, mwenyewe ni mchungaji, jua linampiga juu. Suruali imechakaa goti moja, lile jingine zima, huyo ni fundi baiskeli. Nikishasoma kamba ndiyo napiga hodi."

"Unasema unashona nguo?"

"Hapana! Washonaji walikuwa wengi. Nasema, mama, naona una binti anarefuka. Basi. Mama anacheka, anaanza yeye mwenyewe kunieleza huyo binti. Nikikaa kwenye kigoda nimeshapata kazi."

"Kwa nini usimwambie tu gauni la mtoto limekwisha?"

Alinitazama kama nimetema mate jikoni. "Unamtukania mtu kamba yake, halafu akupe kiti?"

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Nilikuwa nimezifungua kurasa arobaini bila kuona kwamba kila moja ni kamba ya nguo, imeanikwa mbele ya dunia nzima, na watu wake wote wapo pale. Kila picha waliyoiweka ilikuwa inanieleza jambo, nami nilikuwa nabisha mlango nikiwa nimeupa mgongo.

Tukaanza upya, safari hii wawili. Mchana, kazi ikiwa imepoa, nilifungua ukurasa mmoja, nikaongeza mwanga wa simu, na Shangazi akausogeza karibu na miwani yake iliyofungwa uzi kwenye sikio la kushoto. Hatukuwa na haraka. Wengine tuliwaacha, kwa sababu majoho yao yalikuwa mazuri na hatukuwa na la kuwaambia. Shangazi aliwasifu: "Hawa wana fundi. Waache na fundi wao." Wengine tuliwaandikia, wawili walijibu kwa adabu kwamba bado. Alizeti zikaanza kuinamisha vichwa.

Siku moja tukafika kwenye ukurasa wa kwaya ya kijiji kimoja mbali sana, ng'ambo ya ziwa kubwa, nchi ya migomba, safari ya basi ya kutwa nzima na zaidi. Walikuwa wanaimba nje, kwenye majani mabichi ambayo sisi huku tunayaona wiki chache tu kwa mwaka. Wimbo ulikuwa wa kuinua mikono, maneno yenyewe yalisema hivyo.

"Rudisha," alisema Shangazi.

Nikarudisha.

"Mbona wanaishia begani?"

Nilitazama tena. Kweli. Wimbo ulisema juu, nyuso zao zilitazama juu, lakini mikono ya wote ilipanda mpaka usawa wa bega ikasimama. Mwanamume mmoja mrefu mstari wa nyuma alijisahau akanyoosha yake yote, na joho likapanda naye hadi magotini, akaishusha upesi. Nilikuwa nimeutazama wimbo ule mara mbili na sikuona kitu.

"Majoho yale yamekatwa ya kutundikwa dukani," Shangazi alisema. "Hayakukatwa ya kuimbia. Kwapani hamna nafasi. Nguo inawashika, na wameshaizoea, hawajui kama inawashika."

Tulitumia saa nzima kuandika mistari minne. Kila nilipoweka sifa yetu, Shangazi aliitoa. Mwisho ikabaki hivi:

"Habari za huko, mwalimu. Sisi ni mafundi wawili wa Singida, mtu na shangazi yake. Tumetazama wimbo wenu wa kuinua mikono, mara nyingi, na tumeona mikono ya waimbaji inaishia begani. Tunauliza tu: ndivyo mlivyopanga, au nguo zinawashika kwapani?"

"Hatujasema tunashona majoho," nilisema.

"Umesema mafundi. Wana akili. Tuma."

Nikatuma, nikaiweka simu juu ya meza ya kukatia, karibu na chaki. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Niliuliza kama niandike tena, Shangazi akasema mtu anayebisha hodi mfululizo hufungiwa hata na aliyetaka kumfungulia. Siku ya tatu, adhuhuri, simu ikalia. Ilikuwa sauti, si maandishi, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Dada, mfikishie shangazi yako shikamoo yangu," ilisema sauti nzito ya mwanamume. "Mimi ndiye mwalimu wa kwaya. Mmejuaje? Nimewasomea ujumbe wenu hapa mazoezini, nikawaambia haya, wote nyanyueni mikono mpaka juu. Nimesikia nyuzi zikikatika, ta! ta! ta! Mama mmoja kwapa lote limeachia!" Kicheko cha watu wengi kikafunika maneno. "Miaka minne nawagombeza hawa kwamba ni wavivu wa mikono. Miaka minne! Kumbe ni nguo."

Shangazi aliomba niirudie. Kisha tena. Mara ya nne alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Wamenyanyua kweli?"

"Wamenyanyua, Shangazi. Umesikia."

"Wote?"

"Wote."

Akakaa. Nje upepo uligonga bati. Nilifahamu anawaza nini, maana nami nilikuwa nikiwaza hilo hilo: tumekaa hapa kwenye vumbi letu, mikono mapajani, na ng'ambo ya ziwa watu ambao hatujawahi kuonana nao wameinua mikono yao juu kwa sababu ya swali letu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Walikuwa na sherehe ya kwaya katikati ya mwaka, wakataka majoho mapya thelathini na manne, wakatuma fedha ya kitambaa. Ikabaki vipimo. Kule hawakuwa na mtu wa kushika futi, na Shangazi hakuamini namba za kuandikiwa. Akasema tufanye kama alivyofanya zamani kwa wateja wa mbali: kila mtu na kamba yake. Nikawaandikia maelezo kwa subira, hatua kwa hatua. Kamba moja kwa mtu mmoja. Kichwa cha kamba kikae begani. Fundo la kwanza, mkono unapoishia. Kisha zungusha kamba hiyo hiyo kifuani, kuanzia kichwa chake, funga la pili. Fundo la tatu, kutoka begani hadi kifundo cha mguu. Na nikaandika, bila hata kufikiri, "tumieni kamba ya katani." Huku kwetu mkonge uko kwenye kila uzio. Sikuwaza kwamba kuna mahali duniani mtu anaweza kuikosa katani.

Boksi lilifika kwa basi, na bodaboda akalileta kutoka stendi. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotarajia. Nilipokata utepe ikapanda harufu mbichi, ya shamba lililonyeshewa. Ndani zilikuwa kamba thelathini na nne, kila moja imeviringwa peke yake kama konokono, na kipande cha daftari chenye namba na sauti: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Tukafunga waya kutoka dirishani hadi juu ya mlango, tukazitundika zote. Sijui nikueleze vipi nilichohisi. Kamba ndefu za sauti ya nne upande mmoja, fupi za sauti ya kwanza upande wa pili, zote zikitikisika kidogo upepo ulipoingia, na kila moja ilikuwa mtu. Huyu kifua kipana. Huyu mkono mrefu kuliko kimo chake. Watu wote wale walikuwa wamesimama chumbani mwetu kwa urefu wao halisi, na nilijikuta napita katikati yao kwa hadhari, kama unavyopita katikati ya wageni, nisimkanyage mtu.

"Karibuni," Shangazi aliwaambia, na hakuwa anatania.

Siku ya tatu akatandika kitambaa kukata joho la kwanza. Alichagua namba moja ya sauti ya nne, ambaye alikuwa mwalimu mwenyewe. Akapima kamba yake kwa futi, akachora kwa chaki, akashika mkasi. Mkasi ukasimama hewani.

"Sentimita hamsini na tano," alisema. "Yule mwalimu kwenye video, anapoongoza, mkono wake unafika wapi?"

Nikaifungua video. Mkono wa mwalimu ulikuwa mrefu, ukining'inia karibu na goti.

"Huu si mkono wake," alisema Shangazi. Akaipeleka kamba puani, akaikunja, ikatoa mlio kama jani kavu. "Na hii si katani. Hii ni mgomba."

Hawakuwa na katani. Wakachuna gome la mgomba, likiwa bichi, wakakata kanda nyembamba, wakafunga mafundo kwa uaminifu. Kwao, kwenye unyevu, zilikuwa sahihi. Kwetu, siku tatu kwenye upepo mkavu, zote zilikuwa zimejikunja na kujiviringa. Kosa lilikuwa langu, la mtu anayedhani kila uzio duniani ni kama wa kwao.

Nikamwandikia mwalimu, nikamweleza ukweli wote, nikamwomba apime mkono wake mmoja kwa rula ya darasani, begani hadi kiwikoni na kiwikoni hadi mwisho. Tukangoja.

Na katika kungoja huko, pikipiki ikasimama mlangoni. Alizeti za kwanza zilikuwa zimeanza kukatwa, na mwanamume wa Ikungi alikuwa ameshika ahadi yake. Alikuja na kamba za kufungia mzigo.

Akatazama zile kamba zilizotundikwa. "Shikamoo mama. Umeanza kuuza mikeka?"

"Marahaba. Kaa." Shangazi hakumtazama. "Kama mambo yameharibika nitawarudishia watu fedha yao na utaichukua. Kama hayajaharibika, hutaichukua. Subiri."

Nilimwona akiwa ametulia namna ile na nikaogopa. Akainuka, akaleta beseni la maji, akaitia kamba ya mwalimu ndani. Tuliitazama wote watatu. Kwa muda haikufanya kitu. Halafu, polepole, ikaanza kufunguka. Ile mikunjo ikalegea mmoja mmoja, kamba ikajinyoosha majini kama kitu kinachoamka.

"Shika hapa," Shangazi alimwambia mtu wa Ikungi, akimpa kichwa cha kamba.

"Mimi?"

"Una mikono, huna?"

Akashika. Shangazi akavuta kidogo, akalaza futi, akafika kwenye fundo la kwanza. Midomo yake ilitembea bila sauti. Simu yangu ikalia pale pale, juu ya meza.

"Usiniambie," alisema Shangazi. "Mimi nasema hamsini na nane."

Nikasoma. Mwalimu alikuwa ameandika: ishirini na tisa na nusu, halafu ishirini na nane na nusu. Nikajumlisha, nikarudia kujumlisha.

"Hamsini na nane, Shangazi."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kamba, moja, moja, juu ya saruji. Unyevu wa nchi ya migomba ulikuwa umerudi kwenye kamba ile, na mkono wa mwalimu umerudi nao, sentimita kwa sentimita, ndani ya beseni la plastiki.

Mtu wa Ikungi alikohoa. "Kwa hiyo huuzi."

"Shika kamba ya pili," Shangazi alimjibu.

Na akashika. Akashika zote thelathini na nne, mikono ya shati imelowa, nami nikiandika namba kwenye daftari. Alikuwa mtu mwema, na nadhani naye alikuwa ameshikwa na kile kilichotushika. Tulipofika namba kumi na tisa, sauti ya pili, Shangazi alisita, akapitisha kidole mara mbili, akanitajia namba za kawaida, akaendelea. Mgeni alipokunywa chai na kuondoka, mzigo wake ukiwa hewa tupu, akaniita niione ile kamba. Kifuani palikuwa na mafundo mawili. La pili lilikuwa mbele zaidi ya la kwanza, kwa shibiri nzima, dogo, limefungwa kwa mkono mwingine.

"Labda amekosea," nilisema. "Nimwulize mwalimu?"

"Usithubutu." Alitabasamu peke yake. "Huyu amejipima alipo, halafu amejipima atakapofika. Ni mjamzito, na hajamwambia mtu. Ametuambia sisi."

Tulishona wiki tano. Kwapani kwa kila joho Shangazi aliweka kipande kidogo chenye pembe nne, kinachojificha mkono ukishuka na kufunguka mkono ukipanda. La namba kumi na tisa alilishona kwa marinda mawili yaliyoshikwa na uzi mwepesi, ambao mwenyewe angeweza kuukata siku yoyote atakayotaka. Hatukuandika lolote juu yake. Boksi likapanda basi.

Video ilikuja sherehe yao ilipopita. Majani yale yale mabichi, wimbo ule ule. Ulipofika kwenye maneno yale, Shangazi alishika mkono wangu kwa nguvu. Mikono sitini na minane ikapanda, ikapita mabega, ikapita masikio, ikapita vichwa, mpaka vidole vikanyooka kabisa, na pindo la majoho halikusogea. Yule mrefu wa mstari wa nyuma alikuwa amenyoosha kama anayechuma kitu mbinguni. Na katikati ya sauti ya pili alisimama mwanamke mwenye tumbo kubwa, uzi umekatwa, marinda yamefunguka, mikono yake juu kuliko ya wenzake wote.

"Namba kumi na tisa," Shangazi alinong'ona. Akavua miwani, akaipangusa kwa kanga. Cherehani kubwa ilikuwa nyuma yake, na bado ipo pale, kama unavyoiona.

Tangu siku ile tumewaandikia watu wengi, na si wote wanaojibu, wala usikate tamaa kwa hilo. Lakini kila anayejibu huanza kwa maneno yale yale, mmejuaje, nami kila mara nasisimka upya. Hatujui chochote. Tunatazama tu kamba ya nguo mpaka itueleze.

Sasa toa simu yako. Fungua ukurasa wa mtu mmoja unayetaka kumwandikia, mmoja tu, na utazame kila picha mpaka mwisho. Andika jambo moja uliloliona kweli. Chini yake andika swali moja. Futa sifa zako zote, tuma, uweke simu mezani, urudi kwenye kazi yako.